Msikilizaji Aliyesinzia Saluni

Jumatatu, 4 Machi

Kosa tunalofanya wengi wetu ni kumpa mtoto neno kabla hajalitafuta. Anakwama kidogo tu, midomo imeshaanza kuumba sauti, nasi tumekwisha kulitamka kwa niaba yake, tena kwa upendo. Tunadhani tumemsaidia. Kumbe tumemfundisha kwamba akinyamaza vya kutosha, neno litamshukia lenyewe kutoka kwa wakubwa.

Nimeliona leo kwa macho yangu, nikarudi chumbani nimeudhika, ndiyo maana nimefungua daftari hili. Mvua zikiisha nitamtumia mwanangu wa mwisho, ambaye mwanawe anaanza kujua herufi. Mwenyewe ameniomba ushauri, na mimi, mkufunzi mstaafu, sijui kushauri kwa maneno machache.

Naishi kwa binti yangu. Chumba cha mbele amekifanya saluni ya kusuka. Mwanawe mkubwa tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki tangu alfajiri. Lakini mpe kitabu, utadhani umempaka gundi. Yuko darasa la nne. Shule imetangaza kwamba mvua zikikatika, kila mtoto atasoma ukurasa mmoja peke yake mbele ya mwalimu, kwa muda uliopangwa. Asiyeweza atarudia darasa. Na mwaka ujao darasa la nne ndilo atakaloingia mdogo wake, Kitinda, anayesoma kama anakunywa maji.

Chiriku alipoambiwa alisema, "Nikirudishwa kwa Kitinda naacha shule. Nitasuka." Mama yake alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa namjua mtoto huyu: akisema, kasema.

Jioni nilimwomba anisomee mistari michache pale saluni, penye taa nzuri.

"Mbuzi a...," alianza.

"Alikuwa," akasema mama yake, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja.

"Alikuwa na nja..."

"Njaa," wakadakia wateja wawili, mmoja wao akiwa chini ya draya, ambako nilidhani mtu hasikii kitu.

"Mwacheni mtoto," nikasema.

"Si tunamsaidia, Mwalimu," akasema yule wa chini ya draya.

Chiriku akafunga kitabu. "Wameshamaliza wao, Babu. Mimi nisome nini?"

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Paa la saluni linavuja juu ya kiti cha mwisho. Tumetega ndoo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetunga sheria: atakayemtajia mtoto neno atasukwa upande mmoja tu na kurudi kwake hivyo hivyo. Mkono Mwepesi, msaidizi wa binti yangu, akaniuliza, "Mwalimu, wewe kichwani huna hata unywele wa kuazima, mamlaka ya kutunga sheria saluni umeyatoa wapi?" Walicheka sana, lakini walitii.

Chiriku akasoma kile kitabu cha mbuzi aliyemeza ufunguo wa stoo. Alikisoma chote bila kukwama, akaweka sauti ya mbuzi na sauti ya mlinzi. Wateja walimshangilia. Binti yangu alinitazama kupitia kioo akatabasamu. Nikajisifu moyoni: mzee bado hajachuja.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimempa Chiriku kitabu kingine, hakitaki. Anataka cha mbuzi tu.

Jumamosi, 16 Machi

Mwenye kujisifu huaibika mapema. Kitabu cha mbuzi kimekaa saluni muda mrefu, mafuta ya nywele yakakiingia, kurasa zikagandana. Leo Chiriku alipokuwa akiwasomea wateja, aligeuza kurasa mbili zilizoshikana kama moja. Mbele ya macho yake mbuzi alikuwa ameshafikishwa kwa daktari wa mifugo. Yeye akasoma, neno kwa neno, yale ambayo mlinzi alimwambia mbuzi mlangoni mwa stoo, yaani maneno ya kurasa zilizofichwa na mafuta. Hakuruka hata moja.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Wateja walicheka palepale panapochekesha, na yeye akasubiri wamalize kucheka, kama msimuliaji aliyebobea. Nikatoka nikasimama barazani kutazama mfereji wa maji. Mtoto hasomi. Amekihifadhi kitabu kizima kichwani.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekwenda shuleni. Mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba mwalimu analazimika kupaza sauti kutaja sentensi, na darasa zima linaitikia kwa kelele. Juu ya sauti zote niliisikia ya mjukuu wangu, kali na safi, mbele ya wenzake kwa nukta.

Kuitikia pamoja kuna kazi yake; majedwali ya kuzidisha huingia vizuri kwa njia hiyo. Lakini katika kelele ile mtoto asiyesoma hujificha vizuri kuliko chini ya kitanda. Anasikia, anarudia, anasifiwa. Amefika darasa la nne kwa masikio.

Mwalimu wake ni mama mpole ambaye sauti imekauka kwa kazi. "Chiriku?" alisema. "Huyo ndiye kiongozi wangu wa kuitikia, mzee wangu. Shida yake aibu tu, akisimama peke yake."

Nikamwomba amsikilize peke yake, kidogo kila siku.

"Darasa limejaa mpaka dirishani. Nikisikiliza mmoja mmoja, mvua hizi zitakatika, zitarudi, na mimi bado niko dawati la pili."

Nimerudi na viatu vimejaa tope.

Jumatano, 20 Machi

Nimemweleza binti yangu, chumbani, mlango umefungwa. Nilimsihi tulibebe jambo hili polepole. Alisema, "Nimesikia, Baba." Nikadhani amesikia.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekasirika kiasi kwamba mwandiko wangu unapinda.

Saluni ilikuwa imejaa. Chiriku alishika kitabu chake cha mbuzi, akaketi kwenye kigoda tayari kuanza. Mama yake akaacha kichwa cha mteja nusu, akachukua gazeti la mitindo lililokuwa mezani, akalifungua katikati, akamwekea magotini.

"Soma hapa."

Chiriku akazitazama picha.

"Nimesema soma hapo juu, herufi kubwa hizo."

"Hapo hakuna hadithi, Mama."

"Mwaka mzima unatuchezea. Babu yako amegundua kila kitu. Husomi, unakariri."

Mkono Mwepesi alizima draya. Mteja mmoja alisema kwa sauti ya kubembeleza, "Ah, mbona kitabu anakisoma vizuri." Mwingine akamkanyaga mguu. Chiriku hakulia. Alinigeukia mimi.

"Ulimwambia, Babu."

Kisha akatoka, na mvua ilikuwa inanyesha.

Wateja walipoondoka nilimwambia binti yangu kwamba siri niliyompa chumbani hakuwa na ruhusa ya kuimwaga ukumbini.

"Mimi ni mama yake, Baba. Nifanye nini na siri, niisuke?"

"Ungeninyamazia hata wiki moja."

"Wiki moja ya nini? Unataka aje afukuzwe na aibu mbele ya mdogo wake? Wewe unafundisha vitabu. Mimi ndiye nitakayeishi na mtoto aliyeacha shule."

Niliona kwamba hana huruma. Nimeandika hivyo, na kwa leo sifuti.

Jumanne, 26 Machi

Chiriku haongei nami. Nyumba haijawahi kuwa kimya hivi. Paa linavuja mahali pawili sasa.

Ijumaa, 29 Machi

Kitinda amekuja chumbani kwangu amebeba kandambili mkononi, kama mtu anayetoroka.

"Babu, usimgombeze dada. Mimi ndiye ninayemsomea."

Kila jioni nilimsikia mtoto huyu akisoma kwa sauti chumbani mwao, nami nikadhani anajionyesha. Kumbe alikuwa anampakia dada yake mzigo wa kesho.

"Kwa nini unamsomea?"

"Nikimwacha watamcheka. Akichekwa yeye, na mimi wananiuliza, huyo ni dada yako? Ni dada yangu. Nitasema si dada yangu?"

Nilimwambia asimsomee tena. Aliondoka analia. Kila mtu katika nyumba hii anamsaidia Chiriku. Mama anamsaidia, mdogo wake anamsaidia, wateja wanamsaidia, na mimi ndiye ninayekataza msaada, hivyo mimi ndiye mkorofi.

Jumanne, 2 Aprili

Amenisemesha. Nilikuwa ninasoma barazani, akaja akaketi mbali kidogo. "Babu, herufi nazijua. Tatizo zinanijia zote kwa mpigo, kama wateja wa siku moja kabla ya harusi. Simjui wa kuanza naye."

Nimempima taratibu. Anasema kweli. Herufi anazijua, silabi anazijua. Asichoweza ni kuzivumilia mpaka ziwe neno. Na tangu azaliwe hajapewa nafasi ya kuzivumilia, maana neno hufika kutoka pembeni kabla yake.

Nimekubaliana naye: simpimi, simkosoi. Namsomea tu, kidole changu kikitembea chini ya maneno.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimeanza kumsomea hadithi ya binti aliyefuga nyuki kwenye dari la nyumba bila wazazi wake kujua. Ni kitabu kirefu, picha zake chache. Nilisimama palepale ambapo baba wa binti anasikia mvumo juu ya kitanda chake. Nikafunga, nikasema nimechoka. Hila hii ni ya zamani, nayo hufanya kazi: mtoto mwenye kiu atalitafuta jibu mwenyewe.

Jumatatu, 8 Aprili

Hila haijafanya kazi. Asubuhi Chiriku alinieleza, kwa mikono na macho, jinsi baba alivyogonga dari kwa ufagio. Nikamwita Kitinda.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza kumsomea, Babu. Hukunikataza kumsimulia."

Sasa kitabu kinakaa mfukoni mwa koti langu, na koti nalivaa mimi. Nimefika umri huu nijifiche na kitabu cha watoto kama mwizi wa kuku.

Alhamisi, 11 Aprili

"Babu, nyuki wamefanyaje?" "Soma." "Basi." Mazungumzo yetu ya siku nzima.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Upepo uling'oa kipande cha mfereji wa paa. Nilikwenda kukishikilia huku fundi akipigilia, nikalowa, nikaacha koti langu likaukie saluni karibu na draya. Mteja alikuwa mmoja tu, muuguzi ambaye huja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Rasta anazotaka ni nyembamba, huchukua nusu ya siku. Binti yangu na Mkono Mwepesi walianza kumsuka, kisha umeme ukakatika, wakaenda nyuma kutafuta taa ya betri.

Niliporudi nilisikia sauti ndogo nikasimama dirishani. Muuguzi alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kimeanguka begani, nusu imesukwa na nusu imesimama kama imeona simba. Anakoroma. Chiriku alikuwa kwenye kigoda mbele yake, kitabu cha nyuki magotini. Alikuwa amekitoa mfukoni mwa koti langu.

"Ba-ba... aka... akapa... akapanda. Baba akapanda nga... nga... ngazi." Akarudi mwanzo wa mstari, kidole kikirudi naye. "Baba akapanda ngazi." Akamtazama muuguzi. Muuguzi alikoroma. Akaendelea.

Alikosea mara nyingi. Neno moja alilitamka vibaya, akalipita, akafika mwisho wa sentensi, akaona halileti maana, akalirudia. Hilo, mwanangu, ndilo kusoma. Nimewaeleza walimu wanafunzi jambo hilo kwa chaki na ubao hadi chaki zikaisha, na sijawahi kuliona waziwazi namna hii. Mbele yake kulikuwa na mtu mzima ambaye hangeweza kumkatiza, kumpongeza wala kumhurumia.

Nami nikiwa dirishani neno lilinijia ulimini zaidi ya mara moja. Nilijiziba mdomo kwa kiganja, maji ya paa yakiniingia shingoni.

Binti yangu akatokea nyuma na taa. "Haya, soma kwa nguvu basi tusikie," alisema kwa furaha. Kitabu kikafungwa.

Nilimwambia maneno makali. Aliniambia kwamba saluni ni yake.

Jumatano, 17 Aprili

Hakuna wateja. Binti yangu alikuwa anafumua kichwa cha maonyesho, lile sanamu la plastiki, ili mikono isikae bure. Bila kunitazama akasema, "Baba, mimi kazi yangu ni mafundo. Nikiona nywele zimesokotana, vidole vinakwenda vyenyewe. Sasa yeye akikwama pale, 'nga, nga, nga,' unaniambia nikae niangalie? Moyo unanipanda mpaka hapa." Akagusa koo. "Nikimpa neno, ni mimi ninayepumua."

Niliandika mwezi uliopita kwamba hana huruma. Huruma anayo, imemzidi, hana pa kuiweka.

Jumamosi, 27 Aprili

Muuguzi amerudi, rasta za mbele zimelegea. Kabla hajaketi vizuri alishasinzia. Chiriku akaja na kigoda. Binti yangu alisuka, uso umekaza kama mtu anayetolewa mwiba. Mtoto alikwama kwenye "wakamzingira." Alikwama mno. Mkono Mwepesi akafungua kinywa; binti yangu akamkazia jicho kwenye kioo, kinywa kikafungwa.

"Wa-ka-mzi... wakamzi... ngira. Wakamzingira."

Muuguzi akafumbua macho. "Nani kazingirwa?"

"Baba yake. Na nyuki."

"Mbona mimi nilimwacha chini? Kafikaje huko juu?"

"Kwa ngazi. Ulikuwa umelala."

"Nirudishie basi pale pa ngazi. Unaniacha nyuma kwa kuwa nimechoka?"

Chiriku akageuza kurasa kurudi nyuma, akatafuta kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka akaipata ngazi. Akamsomea tena. Muuguzi akalala tena kabla ya kufika juu. "Mtu mzima huyu hasikilizi," Chiriku alilalamika, akaendelea kusoma.

Jumamosi, 4 Mei

Muuguzi hakuja. Chiriku akaniambia, "Babu, lala wewe." Nikajilaza kwenye mkeka nikafumba macho. Alisoma kidogo, akasema "bari." Nikafumbua jicho moja nikasema, "Dari."

Akaondoka na kitabu. Mkono Mwepesi akauliza, "Mwalimu, ile sheria ya kusukwa upande mmoja, kwako tutasuka ndevu?"



Jumanne, 7 Mei

Nimelala. Safari hii kweli, usingizi ulinichukua. Aliniamsha ananiuliza kama nimesikia kifo cha malkia wa nyuki. Nikamwambia sikusikia. Alikasirika, akarudia ukurasa mzima.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua zinapungua. Anasoma kila siku, polepole mno. Ukurasa mmoja unamaliza subira ya mtu na sehemu ya mchana. Mwezi mmoja zaidi ungetosha, na mwezi huo hatunao.

Ijumaa, 17 Mei

Binti yangu alifunga saluni. Tulisimama nje ya dirisha la darasa. Mwalimu alimpa Chiriku ukurasa asioujua, juu ya mtunza bustani na bomba lililopasuka.

"Mtu-nza bu... bu..."

"Bustani," akasema mwalimu kwa upole.

Nilimsikia binti yangu akivuta pumzi.

"Ali... alifu..."

"Alifungua."

Chiriku akanyamaza. Niliujua ukimya ule. Ni ule wa mwezi wa tatu, wa kungoja neno lishuke. Nikajua tumekwisha. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi akasema, "Mwalimu, samahani. Usinitajie. Naliona, linakuja."

Mwalimu akanyamaza. Mtoto akasoma. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akipima kila moja. Alikosea, akarudi, akavuka. Alipofika bomba linapopasuka alicheka peke yake kidogo. Alikuwa hajafika katikati ya ukurasa kengele ilipolia.

Mwalimu alitoka kutuona, macho yamemlegea. "Anasoma," alisema. "Sikujua kwamba zamani alikuwa hasomi. Lakini kipimo ni ukurasa kwa muda wake, na walio nyuma yake wananingoja. Atarudia."

Nilibishana naye barazani kwa hoja zote nilizonazo, na zote zilikuwa za kweli. Hazikusaidia kitu. Binti yangu alimfuta Chiriku jasho la pua kwa kanga yake, na njia nzima hakumkatiza.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Ndoo zimerudi jikoni.

Asubuhi nilimkuta Chiriku na Kitinda wamekaa kwenye ngazi ya saluni. Nilikuja nikiwa na hotuba tayari, juu ya kutoacha shule. Hakuniachia nafasi.

"Babu, nitarudia. Lakini mwambie mwalimu Kitinda asikae dawati langu."

"Kwa nini?" Kitinda akauliza.

"Utaniambia majibu."

"Sitakuambia."

"Utaniambia. Nakujua wewe, ukiniona nimekwama tu, roho inakutoka." Akamsogelea wakagusana mabega. "Kaa la nyuma yangu. Nitakusomea mimi."

Bado nina hasira. Nina hasira na kengele, na kipimo, na kelele za kuitikia, na mwezi mmoja tuliokosa. Mwaka mzima wa mtoto umechukuliwa kwa nusu ukurasa. Sitakuandikia kwamba mambo yameisha vizuri.

Daftari linaondoka leo, mwanangu. Usingoje limalizike kusomwa ndipo uanze. Leo jioni mpe mwanao kitabu alichochagua mwenyewe, jilaze kando yake, ufumbe macho.